Ajali ya krasha ilikuwa imeshaandikwa kwenye madaftari yetu matatu kabla haijatokea. Tujadili data na usalama kazini

ZamuYaUsiku (mwenye uzi)

Habari za muda huu wakuu. Uzi utakuwa mrefu, naombeni mnivumilie, ni jambo limenikaa moyoni na nimekuwa nikijiambia nitaliandika tangu mwaka jana.

Mimi ni mtu wa seifti, yaani usalama kazini, kwenye kiwanda cha plastiki, tunatoa ndoo, mabeseni, viti. Kiwanda sitakitaja. Nataka tuongelee kutumia data kujua ajali inakuja wapi kabla haijafika, maana watu wakisikia hiyo habari wanawaza kamera za mabilioni na wazungu wenye laptop, wakati mimi nilichojifunza nimekitoa kwenye kaunta buku za kwaya tatu.

Iko hivi. Kila kiwanda cha plastiki kina krasha, lile limashine la kusaga mabaki ili yarudi kutumika. Sasa wakati wa kubadilisha rangi mashine kubwa zinatapika plastiki ya moto chini, ikipoa inakuwa bonge gumu kama jiwe, lingine linafika ukubwa wa kichwa cha mtu. Bonge hilo linatakiwa likatwe kwanza kwa msumeno wa umeme ndo liingie kwenye krasha. Ukilitupia zima visu vinakwama, mota inaguna, kazi inasimama. Na mdomo wa krasha una kava yenye limiti swichi, ukiinua kava umeme unakata wenyewe.

Usiku huo swichi ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya wa kufungia nondo, kwahiyo mashine ilikuwa inaamini kava imefungwa wakati iko wazi. Kijana kibarua, wiki yake ya tatu kazini, akaingiza mkono kulitoa bonge, bonge likaachia, visu vikazunguka. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi nilifika kama dakika kumi baadae, yeye alishakimbizwa hospitali, glovu ilikuwa bado imo ndani ya krasha na feni ya ukutani bado inazunguka kama hakuna kilichotokea. Ile feni sijaisahau.

Kesho yake fomu ikaletwa, sehemu ya chanzo mtu alishaandika kwa penseli "uzembe wa mfanyakazi". Nikakataa kusaini. Nikaenda karakana nikachukua daftari la mafundi, nikachukua la huduma ya kwanza ambalo lilikuwa kwenye droo yangu mwenyewe, nikaomba HR karatasi za mahudhurio na ovataimu. Jumamosi tatu mfululizo nilikaa naingiza kwenye Excel, kila shifti mstari wake.

Wakuu, ile ajali ilikuwa imeandikwa humo. Daftari la mafundi lilikuwa na "krasha imekwama, tumefungua" mara kumi na moja ndani ya miezi mitatu, na mara tisa kati ya hizo ni baada ya saa nne usiku. Huduma ya kwanza kulikuwa na michubuko ya vidole mara nne, zote siku ileile ya kukwama au kesho yake. Mahudhurio yanaonyesha usiku wa wageni wengi ndo usiku wa kukwama kwingi. Hayo madaftari yalikaa vyumba vitatu tofauti, na hakuna mtu hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyewahi kuyaweka meza moja.

Na kwanini usiku? Nikaenda kukaa shifti ya usiku wiki nzima ndo nikaelewa. Msumeno wa kukatia mabonge unafungiwa stoo. Stoo inafungwa saa kumi na mbili jioni, stookipa anaondoka na ufunguo. Basi! Shifti ya usiku hawakuwa na cha kukatia bonge, wakawa wanalitupia zima, linakwama, wanafungua kava, wanasubiri mashine itulie wanaanza upya, na target ya asubuhi iko palepale, mwisho mtu mmoja akaona afunge swichi ili waokoe muda. Ufunguo wa stoo ndo umekata vidole vya yule mtoto.

Ufunguo ukakabidhiwa kwa supavaiza wa usiku, hiyo ndo ilikuwa dawa, haikugharimu hata shilingi. Sasa tuongee, nyie kwenu mnafanyaje?

KandarasiPwani

Mkuu pole sana kwa kijana. Ila tuseme ukweli, swichi haikujifunga yenyewe. Mimi nina saiti za ujenzi, ukiwapa helmeti wanakalia, ukiwapa mkanda wanautundika kwenye jukwaa wanapanda bila. Data haitambadilisha mtu ambaye hataki kujilinda. Na ajali nyingine ni kudra tu.

ZamuYaUsiku

Ahsante mkuu, na nakuelewa, hata mimi nilianza kazi hii nikiamini hivyo hivyo. Kuna jamaa wa kampuni ya bima Marekani anaitwa Heinrich, mwaka 1931 aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali zinasababishwa na vitendo vya watu wenyewe, na namba hiyo inazunguka kwenye semina za seifti mpaka leo. Lakini ukiuliza aliitoa wapi, ni kwenye mafaili ya bima na kumbukumbu za viwanda, na hizo kumbukumbu nyingi zilijazwa na wasimamizi. Msimamizi akijaza fomu mwenyewe unategemea aandike kosa la nani? Ni ileile penseli niliyoikuta mimi.

Kwa hiyo nikiona mkanda umetundikwa kwenye jukwaa siku hizi naandika kwanza, saa ngapi, nani supavaiza, jukwaa lina sehemu ya kunasia ndoano au halina, wamelipwa kwa siku au kwa mita walizomaliza. Ukiandika mara thelathini utashangaa. Inawezekana ukakuta mikanda inavuliwa upande mmoja tu wa jengo, ule ambao hauna pa kunasia.

DadaTakwimu

Nimesoma uzi wote mpaka nikaacha kazi zangu. Kaka umefanya kitu kimoja kikubwa ambacho hata watu wenye digrii wanakikosea, umeingiza KILA shifti, zikiwemo zile ambazo hakikutokea kitu. Wengi wanakusanya ajali tu. Wanachora grafu ya ajali tupu wanatafuta mfanano, hawaoni kitu.

Mfano mkubwa kabisa ni chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilichosambaratika angani 28 Januari 1986, watu saba walikufa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mainjinia walikuwa wanabishana kama baridi itaharibu zile ringi za mpira za kuziba viungo vya roketi. Wakaangalia safari zilizopita zilizokuwa na uharibifu, wakaona zimetokea kwenye baridi na kwenye joto, basi ikaonekana hali ya hewa haina neno. Walizoacha nje ni safari ambazo hazikuwa na uharibifu wowote. Tume ya uchunguzi ilipoziweka zote pamoja ikaonekana wazi, safari 20 za nyuzi 66 za Fahrenheit au zaidi ni tatu tu zilipata uharibifu, na safari zote nne za nyuzi 63 kushuka chini zilipata. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 31 hivi za Fahrenheit, baridi ya kugandisha maji. Data ilikuwepo mezani, nusu yake ndo haikuangaliwa.

Kwa hiyo wadau, siku iliyopita salama nayo ni data. Iandikeni.

Jambo lingine, usijaribu kutabiri mtu kukatwa vidole. Mungu atusaidie matukio hayo ni machache, labda moja kwa miaka miwili, hakuna modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayojifunza kutabiri kutokana na data, itakayojifunza kwa tukio moja. Tabiri kile kinachotangulia. Kwenu ni krasha kukwama, kwingine ni foklifti kufunga breki za ghafla, kwingine pampu kupanda joto. Hivyo viko vingi, modeli ya kawaida kabisa ya rigresheni ya lojistiki, ile hesabu ya kukadiria uwezekano wa kitu kutokea au kutotokea, inatosha kuanza nayo. Unaipa saa, idadi ya wageni kwenye shifti, usiku wa ngapi mfululizo, siku ngapi tangu sevisi ya mwisho, inakurudishia uwezekano wa mashine kukwama leo. Ifundishe kwa miezi ya nyuma, halafu ijaribu kwenye miezi ambayo haijawahi kuiona, usiijaribu kwa data ileile uliyoifundishia, hapo utajidanganya kila siku.

ZamuYaUsiku

Dada barikiwa. Hilo la kutabiri kinachotangulia mimi nimechukua mwaka mzima kulielewa na wewe umelisema kwa mistari mitatu.

Kuhusu wageni na usiku mfululizo niongezee, hizi si hisia zetu tu. Institute for Work & Health, taasisi ya utafiti wa afya na usalama kazini ya kule Toronto, Kanada, wamelifuatilia kwa muda mrefu, mtu wa mwezi wa kwanza kazini hatari yake ya kuumia ni kama mara tatu ya aliyezidi mwaka. Na watafiti Folkard na Tucker mwaka 2003 walikusanya tafiti za shifti wakakuta usiku hatari iko juu kama asilimia 30 ukilinganisha na asubuhi, na usiku wa nne mfululizo iko juu kama asilimia 36 kuliko usiku wa kwanza. Sasa chukua kibarua wa wiki ya tatu, mpe usiku wa tano mfululizo, msimamishe mbele ya krasha isiyo na msumeno. Yule kijana ndo alikuwa hapo.

MgodiniKanda

Nipo migodini mwaka wa kumi na mbili huu. Kwetu hii kitu ni ya kila siku kwenye kuta za shimo. Kuna rada inapiga ukuta wa mwamba muda wote inapima umesogea milimita ngapi. Mwamba hauanguki ghafla, unaanza kusogea taratibu, halafu kasi inaongezeka, na ile kasi ndo inakwambia muda uliobaki.

Mfano ninaoupenda kuwaambia vijana ni mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Utah, Marekani, 10 Aprili 2013. Vipimo vilikuwa vinaonyesha ukuta unasogea tangu Februari. Wakaandaa mipango, siku yenyewe wakatoa watu wote shimoni, usiku ule ukuta ukashuka mara mbili, zaidi ya tani milioni 100 za mwamba. Mashine zilifukiwa, malori makubwa yalifukiwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa wala kuumia.

Ila niwaambie kitu, rada peke yake haikuokoa mtu. Kilichookoa ni kwamba kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema tokeni na uzalishaji ukasimama. Mimi nimeshawahi kufanya kazi sehemu ambayo alamu inalia na bosi anasema subiri tumalize trip mbili. Hapo data yako ni pambo.

MkazaMwendo_AthiRiver

Niaje wadau, niko hapa Athi River kiwandani. Nimependa hii thread lakini wacha niwaambie venye kwetu ilienda. Tulianza kuandika hizi nusura zote, ile kitu imeponea chupuchupu, watu wakajaza fomu vizuri sana miezi miwili. Management wakaona namba zinapanda wakashtuka. Wakaweka bonasi, departimenti ikimaliza mwezi bila tukio kila mtu anapewa unga na mafuta. Mwezi uliofuata fomu zilikuwa sufuri! Watu wanaumia wanaenda kujifunga bandeji kwa choo ndio wasiwakoseshe wenzao unga. Jamaa mmoja alikaa na kidole kimevunjika siku nne.

ZamuYaUsiku

Ndugu yangu wa Athi River umenigusa palepale. Kwetu hawakuweka unga ila waliweka ubao getini, "SIKU ... BILA AJALI". Na mimi nilishangilia, naomba radhi kwa wenzangu kwa hilo, sikujua. Ndani ya wiki sita daftari la huduma ya kwanza likawa jeupe, na plasta kwenye boksi zinaisha kama kawaida. Hapo ndo nilishtuka. Plasta zinaisha, daftari halijazwi. Kuanzia hapo nahesabu plasta kila Ijumaa na naingiza kwenye Excel kama safu yake, na nawaambieni hiyo safu inasema ukweli kuliko fomu zote.

Na hii imeua watu wengi duniani. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ya BP kule Texas City, Marekani, kililipuka 23 Machi 2005, watu 15 wakafa. Namba zao za majeraha madogo madogo zilikuwa nzuri, watu wakazichukua kama ushahidi kwamba kiwanda ni salama, huku vipimo vya mitambo vibovu na matengenezo yamepunguzwa. Miaka mitano baadae, 20 Aprili 2010, ukalipuka Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini, watu 11 wakafa. Siku hiyohiyo wakubwa walikuwa wamefika pale baharini kupongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kupoteza siku ya kazi. Siku hiyohiyo jamani.

Ule ubao nilipigania ukaondolewa. Siku hizi tunapongeza idadi ya nusura zilizoandikwa, zikipungua ndo naenda kuuliza kuna nini.

SautiYaWafanyakazi

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Naunga mkono lakini nina hofu na naomba isichukuliwe kirahisi. Leo mnaandika krasha, kesho mtaandika Juma ana hatari asilimia 70, keshokutwa mkataba wa Juma haujahuishwa. Kuna sehemu wanataka kuwavalisha watu saa za kupima mapigo ya moyo na usingizi. Usingizi wa mtu nyumbani kwake unamuhusu nini mwajiri? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake ipo, Kenya wana yao ya 2019. Watu wa seifti wengi hata hawajui kwamba wakikusanya taarifa za afya za mtu wameingia kwenye sheria hiyo.

ZamuYaUsiku

Mkuu hofu yako ni halali na mimi nimeipata kwa vitendo. Bosi mmoja aliniuliza, kwa upole tu, "nipe orodha ya wenye matukio mengi." Nilimjibu sina, na ni kweli sina, kwa sababu Excel yangu haina safu ya jina. Ina mashine, saa, idadi ya wageni, usiku wa ngapi. Majina yanabaki kwenye daftari la huduma ya kwanza kwa ajili ya matibabu na fidia, huko ndo mahali pake. Nilifanya hivyo makusudi tangu mwanzo, maana siku ya kwanza mtu akiadhibiwa kwa kitu alichokiandika mwenyewe, daftari limekufa, na likifa modeli yako inakula uongo.

Halafu fikiria hesabu yenyewe. Ningeweka jina, modeli ingeniambia yule kijana ana hatari kubwa. Ningemtoa, angekuja mwingine, bonge lile lile, ufunguo ule ule mfukoni kwa stookipa.

DadaTakwimu

Naongezea hapo, mkianza kutoa tahadhari za asubuhi angalieni zisiwe nyingi. Modeli ikiweka nyekundu siku tano kati ya sita watu wanazoea, ni kama alamu ya gari inayolia usiku mtaani, nani anatoka nje? Bora nyekundu chache na kila nyekundu iwe na kitendo kimejulikana, nani anafanya nini.

MamaWawili

Samahani mimi sio mtaalamu, nafanya paking kiwandani. Nataka kujua tu yule kijana yuko wapi sasa hivi.

ZamuYaUsiku

Dada ahsante kwa kuuliza. Yupo. Alitibiwa, faili lake likapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na ilisaidia sana kwamba fomu haikuandikwa uzembe bali swichi na msumeno. Amerudi, sasa yuko upande wa kukagua bidhaa, shifti ya mchana. Alichukua muda kujifunza kuandika tena, kalamu anaishika kwa kidole gumba na cha pete. Mara ya kwanza aliporudi alikuja kwenye kile kikao chetu cha asubuhi kabla ya kazi, nikamuomba aseme chochote akitaka. Alisema neno moja tu, kwamba usiku ule aliuliza msumeno uko wapi akaambiwa haupatikani mpaka asubuhi. Supavaiza wake alikuwa amesimama hapohapo. Hakuna aliyeongea muda mrefu.

FundiSpana88

Mkuu nipe mpangilio wa hizo safu, mimi nipo kiwanda cha maji ya chupa nataka nianze wiki ijayo. Na je nusura unaipataje kwa watu wasiopenda kuandika?

ZamuYaUsiku

Anza hivi. Mstari mmoja kwa kila shifti kwa kila mashine. Tarehe, shifti, mashine, idadi ya watu waliopo, wangapi wana chini ya mwezi, ni usiku wa ngapi mfululizo kwa walio wengi, masaa ya ovataimu ya jana, siku tangu sevisi ya mwisho, target ya shifti, halafu mashine ilikwama mara ngapi, swichi au kava ilikutwa imefungwa ndiyo au hapana, plasta zilizotoka. Shifti ambayo haina kitu iandike sufuri, usiiache wazi, maana wazi ni "hatujui" na sufuri ni "tumeangalia haipo", ni vitu viwili tofauti kabisa. Na usiingize kitu kilichojulikana baada ya tukio, mfano "mashine ilizimwa kwa ukaguzi", utaona modeli inatabiri vizuri ajabu kumbe inachungulia majibu.

Nusura kwa watu wasiopenda kuandika, usiwape fomu. Mimi naweka boksi la vifuniko vya chupa kando ya kila mashine, vyekundu, njano na bluu. Nyekundu mashine imekwama, njano nimeponea chupuchupu, bluu kifaa hakipo. Mtu anadondosha kifuniko kwenye ndoo anaendelea na kazi, hakuna jina hakuna kalamu. Mwisho wa shifti nahesabu. Bluu zikianza kujaa namtafuta stookipa siku hiyohiyo. Wewe uko kwenye maji ya chupa vifuniko unavyo tele.

Kwenye konveya zenu angalia sana pale chupa zinapolala, watu huwa wanaingiza mkono kuzisimamisha bila kuzima. Hesabu chupa zinalala mara ngapi kwa saa, kila shifti, wiki mbili tu, halafu lete hapa tuziangalie wote. Leo naingia usiku, nitajibu maswali mengine kesho mchana nikiamka.